Wifi Yangu, Uliyesimama Juu ya Magurudumu Mawili

Wifi yangu Dafroza,

Ng'ombe ni wazima. Nimeanza na ng'ombe kwa sababu najua ndio utakaowaulizia kwanza, kabla ya mume wako, kabla hata yangu mimi. Watu tupo. Ila tangu uondoke nyumba hii imepoa, na anayetaka kucheka anatoka nje.

Najua hutaisoma barua hii mwenyewe. Katekista wa kilima chenu ndiye atakayekusomea. Atavaa miwani yake, atasafisha koo, na majirani wote wa baba yako watakuwa wameshakaa kwenye majani kusikiliza mambo yasiyowahusu. Basi na wasikilize. Ninaandika kwa sauti ya juu makusudi. Kama kuna mtu huko Rutshuru anayenong'ona kwamba wewe ni mke aliyerudishwa kwao, asogee karibu asikie vizuri: hakuna aliyekurudisha. Ulijiondokea mwenyewe, asubuhi kweupe, na sisi sote tukiwa tumesimama uani tukikutazama.

Na kuna jambo jingine linalonifanya niandike. Wewe hukuwahi kujiona. Mtu aliye juu ya baiskeli haoni kitu ila njia na mgongo wa mwenzake. Mimi niliyekushikilia kiti kabla ya kila mbio, nikakuachia, nikabaki pale na mikono mitupu, mimi ndiye niliyeona. Kwa hiyo nitakueleza nilichoona, nawe utavumilia.

Ulipoletwa kwetu Kibati kuolewa na kaka yangu Gaspari, ulikuwa unamwogopa mbwa wetu. Usikatae, majirani wako wasikie. Ulikuwa ukienda kisimani ukizunguka nyuma ya nyumba yote kwa sababu ya kimbwa kile kizee kisicho na meno. Mimi nilimwambia mama, huyu bibi tuliyeletewa atakufa kwa hofu kabla ya mavuno. Ndivyo nilivyokujua mwanzoni. Nacheka peke yangu nikikumbuka.

Gaspari ndiye aliyekuwa na kazi ya maziwa. Kila asubuhi aliyateremsha kwa baiskeli, akipita Munigi mpaka Goma, kwenye hoteli ya wazungu kando ya ziwa. Halafu fahali akamkanyaga mguu. Vidole vikavunjika, mguu ukavimba, na maziwa yakabaki kwenye bidoni, kile chombo chake cha bati, yakimngoja mtu asiyeweza hata kwenda chooni bila fimbo.

Wanaotusikiliza wanajua desturi yetu, maana ndiyo yao pia. Mwanamke hakami ng'ombe. Kiwele ni cha mwanamume. Lakini maziwa yakishatoka zizini ni ya mwanamke: yeye ndiye anayeosha vyombo na kuvifukiza, yeye ndiye anayeyatunza na kuyagawa, na mwanamume hagusi bila kuomba. Wewe ulilishika jambo hilo ukalivuta mpaka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kulifikisha. Ulimwendea mama, macho chini, kama mke anavyosema na mama mkwe wake.

“Mama, maziwa si ni yangu?”

“Ni yako.”

“Basi na njia yake ni yangu.”

Mama akadhani unataka kuyabeba kichwani. Alipoelewa kwamba unataka kinga, yaani ile baiskeli ya Gaspari, alivuta kiti akakaa.

“Mwanamuke apande kinga? Apanue miguu juu ya chuma, mbele ya batu?”

“Kwa miguu nitafika yamechacha, mama. Mupishi wa hoteli atakataa, na kazi tutaipoteza.”

Mama hakukubali. Alinyamaza tu, nawe ukachukua kimya chake kama ruhusa. Ulikuwa mjanja, wifi, na uso wako wa upole uliwadanganya wengi.

Ulijifunza ndani ya zizi, kwa sababu samadi ni laini na mawe yetu ya mlima hayana huruma. Mimi nilishika kiti nikakimbia nyuma yako. Ulivaa kaptura ya Gaspari chini ya kikwembe, kitenge chako cha kiunoni, ukafunga kikwembe kwa kamba kwenye goti. Ulianguka ukanuka, ukainuka, ukapanda tena. Hukuwahi kuniuliza kama inawezekana. Jambo hilo nililiona siku ile ya kwanza na sikulielewa mpaka baadaye sana.

Maziwa ndiyo yaliyokufundisha kazi. Bidoni ilifungwa nyuma, na ukiyumba kulia na kushoto maziwa yanapigwapiga njiani, yanafika yameanza kutoa siagi, na mpishi yule aliyekuwa na kidole kirefu cha kuonja anayarudisha. Kwa hiyo ulijifunza kutulia. Kutoka kiunoni kwenda juu ulikuwa kama mtu aliyekaa kanisani. Kuanzia kiunoni kwenda chini, miguu ilikuwa inafanya mambo mengine kabisa. Na wakati wa kurudi, pale ambapo wanaume wote hushuka na kuisukuma baiskeli kwa mkono kupanda mpaka Kibati, wewe hukushuka. Wachungaji walianza kusimama barabarani kukungojea upite. Mmoja aliniuliza kama umelishwa dawa. Nikamwambia ndiyo, amelishwa viazi.

Siku ya mbio ya kwanza ulikwenda Goma kupeleka maziwa tu. Ilikuwa sikukuu ya parokia. Yule mzungu muuza baiskeli, mwenye magazini, yaani duka, kwenye barabara kubwa, alikuwa ametengeneza njia ya mbio kuzunguka uwanja wa mpira. Wote tuliiita pisti. Ilikuwa ya mawe meusi ya mlima, yamepondwa, yamemwagiwa majivu, yamepigwa mpaka yakashikana, na kwenye kona udongo umeinuliwa ili mtu apite ameinama. Mashindano yenyewe yalikuwa rahisi kuelewa: watu wawili wanaingia, wanazunguka mara tatu, anayetangulia kuvuka mstari ndiye mshindi. Mwendo wa mwanzo hauhesabiwi. Unaweza kutembea polepole kama unakwenda sokoni, ukitaka, mradi mwishoni uwe mbele.

Mbio za wanawake aliziweka katikati ya zile za wanaume ili watu wacheke. Tuseme ukweli. Wake za makomisi, wale makarani wa ofisini, na mabinti wawili wa mjini waliingia, wakayumba, wakagongana, mmoja akaenda moja kwa moja mpaka golini. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na wewe ukatokea ukitoka hotelini, bidoni tupu ikiwa bado imefungwa nyuma, ukauliza kama mtu yeyote anaweza kuingia.

“Bibi ya nani ule?” mtu akasema.

“Ya mutu wa maziwa. Ameleta na chombo ya kukamulia.”

Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa nimekuja na kwaya ya wasichana wa parokia, nimevaa gauni jeupe, nikatamani ardhi inimeze. Ukaniita nikushikilie kiti. Nikaja. Wakakuunganisha na msichana mmoja mrefu aliyekuwa na baiskeli ya kaka yake, na mkaondoka.

Nitakuambia nilichoona. Nilikuona unapita mbele ya watu wale wote kwa kasi ambayo sikuijua, na ile bidoni tupu ya bati haikulia. Chombo kitupu, kamba imelegea, njia ya mawe, na hakikulia. Ulipopita mara ya pili watu walikuwa wameanza kuacha kucheka, mmoja mmoja. Ukavuka mstari. Yule msichana mrefu alikuwa bado kwenye kona. Niliogopa, wifi. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimelala nyumba moja na kitu kile na sikujua kama kimo.

Baada ya hapo mzungu akakupa baiskeli ya mbio ukawa unaichezea pale Goma. Haikuwa na breki, na pedali zake hazikupumzika. Gurudumu likizunguka na miguu lazima izunguke. Gaspari alipona, akarudi kwenye maziwa kwa zamu, nawe ukawa unakwenda pistini kila sikukuu. Walikuja wanawake wa Sake, wa Rutshuru, wa Masisi. Walikuja wamevaa medali za Bikira Maria shingoni na waume zao nyuma wakiwabebea maji. Alikuja yule mama Munande wa Butembo, aliyekuwa akisafiri na magunia ya maharagwe, ana mapaja ambayo mimi nilimwombea kila mtu asigombane nayo. Ulimshinda. Akakaa kwenye majani, akapangusa uso, akasema neno ambalo Goma yote ililirudia:

“Ule muke hakupitake. Anakumezaka.”

Na kweli hukuwa unampita mtu, ulikuwa unammeza. Watu wapya walikasirika kila mara, kwa sababu mizunguko miwili ya kwanza ulikaa nyuma tu, polepole, kichwa chini. Wanaume walipiga kelele, “Pita, mama, pita,” na hukupita. Walidhani unaogopa. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, mpaka siku tuliyokuwa tunamenya viazi jikoni nikakuuliza. Ulinijibu bila kuinua macho kwenye kisu.

“Toka nizaliwe natembeaka nyuma. Nyuma ya baba, nyuma ya bakaka, nyuma ya Gaspari. Batu banafikiri nyuma hakuna kitu. Nyuma unaona yote. Najua mutu atageuka wapi mbele ya yeye mwenyewe kujua. Na upepo unamupiga yeye.”

Niliacha kumenya. Sisi sote tumetembea nyuma ya wanaume maisha yetu yote, mimi na mama na bibi yangu na wote walio kwenye majani hapo wanaosikiliza, na hakuna kati yetu aliyekuwa amekusanya kitu huko nyuma. Wewe ulikuwa umekusanya. Kisha kwenye kona ya mwisho ulikuwa unatoka kwenye kivuli cha mwenzako, umetulia vilevile, na mtu anaona tu kwamba hapo mbele sasa kuna mwingine.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Katekista, soma tu, usikohoe.

Miaka ilikwenda na mtoto hakuja. Mama yangu si mtu mbaya. Ulimjua alipokuuguza, unajua alivyokufunika. Lakini alikuwa ameamua: ile kinga imekufunga tumbo. Alikupa majani ya kuchemsha, ukanywa. Alikupeleka kwa masista wa zahanati, wakasema hawaoni ubaya wowote, ngojeni. Mama akasema masista wanajua nini kuhusu kuzaa. Kila uliporudi na ushindi, yeye aliangalia kiuno chako kwanza.

Mwishowe baba zetu wakubwa na wadogo walikuja, wakakaa na pombe yao, wakamwita Gaspari, wakakuita na wewe. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni nikisikia. Walisema maneno ambayo hayakuwa makali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Walisema wanakupenda. Walisema uchague: uiache kinga ukae ujaribu kuzaa kama wanawake wengine, au urudi kwa baba yako na Gaspari atafutiwe mwingine. Gaspari aliangalia mguu wake ule uliokanyagwa. Kaka yangu ni mtu mwema na ni mwoga, na siku ile uoga ndio uliokuwa mbele.

Ulipiga magoti ukasema, “Nimesikia, baba zangu. Munipe mbio moja. Yule bingwa wa Bukavu anakuja. Kisha nitawajibu.”

Wakakupa. Unajua kwa nini walikupa? Kwa sababu na wao walikuwa wanataka kuona yule wa Bukavu anashindwa. Wazee nao ni watu.

Mama peke yake ndiye aliyeona mtego, kwamba baada ya mbio hiyo ungetaka nyingine. Akasema, “Nitaenda na mimi. Akishuka kwenye kile chuma, ninamushika mukono, tunarudi nyumbani, imekwisha.” Hakuwahi kufika pistini. Miaka yote ile hakuwahi kukuona hata mara moja, alikuwa anaona tu unaondoka na unarudi.

Bibi wa Bukavu alifika na meli ya ziwa. Mke wa fundi wa magari, miguu mirefu, amevaa kaptura waziwazi bila kikwembe, na watu walijaa bandarini kumwangalia anavyoshuka. Alikuwa amewashinda wote kule kwao na wa Usumbura pia. Hakuwa na majivuno. Alikusalimia vizuri, akaiangalia pisti yetu, akaokota jiwe moja jeusi akaliviringisha kwenye vidole. Ilikuwa mnakimbia mara mbili, na mkigawana ushindi, mara ya tatu inaamua.

Mara ya kwanza ulikaa nyuma kama kawaida yako. Kwenye kona alipanda juu kabisa, ukamfuata, halafu akateremka ghafla mbele yako, na gurudumu lako likagusa lake. Ulianguka upande. Kutoka niliposimama nilisikia ngozi inakwenda kwenye mawe. Alivuka mstari peke yake.

Mama alisimama. “Basi,” akasema. “Basi, imekwisha, twende.” Akakata njia kwenye majani mpaka kwako, mimi nikimfuata na kopo la maji, na akanyoosha mkono kukushika. Na wewe, wifi, ambaye tangu uolewe hukuwahi kumwangalia mama mkwe wako usoni, ulimwangalia usoni. Mkono wako wote ulikuwa damu na changarawe.

“Mama,” ukasema, “bado.”

Akaurudisha mkono. Nikakumwagia maji, changarawe nyingine zikakataa kutoka. Ukapanda. Nikashika kiti.

Mara ya pili hakutaka kutangulia, kwa sababu sasa alikuwa amekujua. Na wewe hukutaka kutangulia. Mkaenda polepole, polepole zaidi, mkafika kwenye kona ya upande wa ziwa, mkasimama. Nataka hao walio hapo waelewe: mlisimama juu ya baiskeli, pale kwenye mteremko wa kona, hakuna mguu chini, hakuna gurudumu linalozunguka, kila mmoja akimngoja mwenzake aondoke kwanza. Gurudumu la mbele limepindishwa kidogo. Mnapumua tu.

Mama alinishika juu ya kiwiko. “Anafanya nini? Ameogopa?”

“Anangoja.”

“Anangoja nini?”

“Mwenzake achoke kungoja.”

Uwanja ule ulikuwa umejaa mpaka kwenye miti, na nakuapia nilisikia mtoto ananyonya. Muda ulikwenda. Mtu angechambua ungo wa maharagwe akamaliza. Yule bibi wa Bukavu, goti lake lilianza kucheza, kidogo, kama ngozi ya ng'ombe inavyocheza nzi akitua. Damu ilikuwa inatoka kwenye kiwiko chako, inadondoka kwenye gurudumu, inadondoka tena mahali palepale. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi ngumu namna ile bila kusogea. Kucha za mama zilikuwa zimeingia kwenye nyama yangu na hatukusikia maumivu, si yeye si mimi.

Akaondoka yeye. Alivunjika kwa ndani kwanza, nilimwona usoni, ndipo akaondoka. Nawe ukamfuata, ukamngojea, ukammeza kwenye kona ya mwisho kama ulivyowameza wote.

Ikabaki moja. Alikuwa na akili, yule bibi. Alijua kusimama hawezi kukushinda, kwa hiyo nilipoachia kiti chako alimzuia anayemshikilia asimwachie upesi, ukajikuta umeshatangulia. Ukawa mbele. Uwanja mzima ukaguna, kwa maana kila mtu Goma alijua wewe ni mtu wa nyuma. Mzunguko wa kwanza, mbele. Yeye amejibanza kwenye gurudumu lako, anakuangalia kwa raha, anangoja kona ya mwisho akufanye ulivyomfanya. Mama akaniuliza, “Ni vibaya?” Nikamwambia, “Ni vibaya, mama.”

Na hapo, mwanzoni mwa mzunguko wa pili, mbali kabisa, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anayeanza, uliondoka.

Nilimsikia muuza baiskeli anasema ni mapema, ni mapema mno, atakufa njiani. Bibi wa Bukavu naye alifikiri hivyo, kwa sababu alisita, kidogo tu. Alipoanza kukufuata tayari kulikuwa na nafasi kati yenu. Nilikungojea uchoke. Kila mtu alikungojea uchoke. Ulipita mbele yetu mara moja, mabega yametulia vilevile, uso umetulia, na miguu siwezi kuieleza, nimejaribu siku nyingi. Sauti ya mawe chini ya magurudumu ilikuwa kama mtu anachana kitambaa kipya. Ukaingia kona ya ziwa. Ukatoka. Yule nyuma alikuwa amesimama juu ya pedali, anavuta usukani kwa mikono miwili, mtu hodari, shujaa kweli, na ile nafasi haikupungua. Hakuna aliyekukinga upepo. Hakuna mgongo wa mtu mbele yako. Palikuwa na njia tupu tu, na wewe.

Watu hawakupiga makofi ulipovuka, si mara moja. Walichelewa. Nadhani kila mmoja alikuwa anajiuliza kama ameona alichoona. Mimi nililia kwa sauti na sikuona aibu.

Na mama, kwa kuwa hukumwona, nakuambia: mama alikuwa amekaa chini kwenye majani, amejifunika mdomo kwa mkono, kama wanawake wetu wanavyofanya mbele ya kitu kikubwa. Ulipokuja mbele yake ukisukuma baiskeli, alikuangalia tu. Hakukushika mkono. Tulipanda mpaka Kibati sote watatu.

Asubuhi uliwajibu. “Kinga sitaiacha. Na sitaki Gaspari agombane na baba zake kwa ajili yangu. Ninaenda.” Ukasalimia kila mtu kwa zamu. Baiskeli ya Gaspari uliiacha mlangoni umeipangusa na kuitia mafuta, ukasema ni ya nyumba, ukaenda Rutshuru kwa miguu. Wewe. Kwa miguu. Nilikasirika nusu ya siku kwa jambo hilo peke yake.

Sasa sikia yanayoendelea. Gaspari anapeleka maziwa na yanarudishwa mara kwa mara. Hali chakula vizuri. Simwonei huruma sana, lakini nakuambia kwa kuwa ni kweli. Mimi posa yangu imekamilika, nitaolewa Goma baada ya mavuno, na sitaki kutoka kwenye nyumba hii wakati wewe haupo ndani yake. Nimekuzoea. Nakupenda, na sijui kama nilikuambia wakati ulipokuwa hapa, maana tulikuwa tunataniana tu.

Mama anawasimulia wageni. Hakuna anayemwomba. Mtu akija kuazima jembe, anakaa anasimuliwa. Anasema, “Bibi ya mutoto wangu,” halafu anaeleza, na kila mara akifika pale mliposimama kwenye kona, ananyamaza. Hawezi kupita hapo. Mgeni anaangalia huku na huku, jembe mkononi, na mama ameinamisha kichwa.

Juzi baba zetu wamekuja tena na jina la msichana wa Masisi. Wamekaa, wameweka pombe. Unajua mwanamke haingii katika kikao kile. Mama aliingia. Hakupiga magoti, alibaki mlangoni akishika mwimo.

“Gaspari alioa mutu,” akasema. “Hakuoa tumbo.”

Akaendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Nilimuona anangoja, damu ikimutoka. Alingoja mpaka mwenzake akashindwa. Na mimi nilishindwa kumungojea mutoto wa batu.”

Ndipo kaka yangu aliposimama kwenye ule mguu wake, akasema hataki mwingine. Mbele ya wote. Sauti ilimtetemeka lakini ilitoka.

Kwa hiyo tunakuja, wifi. Desturi unaijua: mke aliyekwenda kwao hufuatwa na wanaume wa upande wa mume, na pombe, wakasema kosa lao mbele ya watu wake. Safari hii mama amesema atakuja mwenyewe na atasema kwa mdomo wake. Pombe ya ndizi imeshatiwa kwenye mitungi. Ninamsikia jikoni akijaribu maneno, anayaacha, anaanza tena. La mtoto halimo. La kuacha kinga halimo. Gaspari ameijaza baiskeli upepo mpya kwenye magurudumu, anataka kuja akiisukuma njia nzima bila kuipanda, kwa sababu anasema si yake tena.

Unaweza kukataa. Mama anajua unaweza, na anaogopa kuliko nilivyowahi kumwona akiogopa. Tutafika Jumapili baada ya Misa, sote watatu, na tutangoja uani kwa baba yako kadiri utakavyotungojesha.

Ila ukituona tunapanda kilima, nakuomba, usiondoke. Katika ukoo wetu wote hakuna mtu anayeweza kukufikia.

Wifi yako akupendaye,
Konsolata